Sauti ya Mkwaruzo: Somo Kutokana na Uimbaji wa Bi Kidude

Tarehe 17 Aprili 2013 alifariki dunia kisiwani Unguja Bi Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa wengi kwa jina la Bi Kidude. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa, na watu walikuwa wakimkadiria umri uliokaribia au hata kuzidi miaka 100. Mwaka 2005 alikuwa amepewa tuzo ya WOMEX, ambayo hutolewa kwa wanamuziki wa mataifa mbalimbali, na alikwisha kuimba Ulaya na Japani. Lakini sauti yake haikuwa nyororo. Ilikuwa nzito kupita desturi ya sauti za kike, kavu, yenye kukwaruza. Mara nyingine ilipasuka katikati ya neno. Mwalimu wa muziki aliyelelewa katika kwaya angeweza kumwambia akae pembeni. Watu wa Mji Mkongwe na Ng'ambo, kinyume chake, walimngoja yeye.

Jambo hilo lastahili kuchunguzwa kisayansi. Ni nini kinachotokea kooni sauti inapokwaruza? Na kwa nini sikio la msikilizaji halikimbii?

Sauti ya mwanadamu huanzia katika zoloto, yaani sehemu ya juu ya koo la hewa. Ndani yake mna mikunjo miwili ya nyama laini, ambayo kwa desturi huitwa nyuzi za sauti, ingawa kwa kweli haifanani na uzi: yafanana zaidi na midomo miwili midogo. Kwa mwanamke mtu mzima urefu wake ni kama milimita 13 hadi 17 tu. Pumzi itokayo mapafuni huisukuma ikafunguka. Kisha unyumbufu wa nyama yenyewe, pamoja na kupungua kwa shinikizo la hewa ipitayo kwa kasi, huirudisha ikajifunga. Tendo hilo hurudiwa mara 200 hivi kwa sekunde katika mazungumzo ya kawaida ya mwanamke, na mara 100 hadi 130 kwa mwanamume. Wanafizikia husema sauti hiyo ina hezi 200. Pamoja na mtetemo huo wa msingi hutoka mingine ya juu yake, hezi 400, 600, 800 na kuendelea, na mdomo, ulimi na pua huchagua ipi ikuzwe na ipi ififizwe.

Sauti husikika laini pale ambapo kila mfunguko unafanana na uliotangulia. Nyuzi zikinenepa, zikikauka, au upande mmoja ukiwa mzito kuliko wa pili, mpangilio huo huvurugika: mfunguko mmoja huwa mrefu, unaofuata mfupi, hewa nyingine huponyoka bila kutetemesha kitu. Hapo ndipo mkwaruzo unapozaliwa.

Darasani jambo hili laweza kuonyeshwa bila chombo chochote. Wanafunzi waweke vidole viwili juu ya zoloto, watamke herufi s kwa muda mrefu, kisha z. Katika z vidole vitahisi mtetemo. Katika s havitahisi kitu, kwa sababu sauti hiyo hufanywa na hewa inayobanwa karibu na meno, nayo haina marudio yenye mpango. Ulimi haukubadili mahali pake hata kidogo. Basi sauti nyororo ya mwimbaji imejaa z, na mnong'ono umejaa s. Sauti ya Bi Kidude ilikuwa na zote mbili kwa pamoja.

Yapo mambo kadhaa yawezayo kuifikisha sauti hapo. Umri ni mmojawapo: sauti ya mwanamke hushuka baada ya kukoma hedhi, na sehemu kubwa ya kanda na sahani za Bi Kidude zilirekodiwa akiwa tayari mzee. Tumbaku ni jambo la pili, naye hakuficha kwamba alikuwa mvutaji. Moshi hufanya ngozi ya nyuzi ivimbe na kujaa majimaji, zikawa nzito. Na kitu kizito hutetemeka polepole, kama mwanafunzi anavyojua kwa kulinganisha uzi mnene na mwembamba wa gitaa.

La tatu ni kazi yenyewe, na hili ndilo linalosahauliwa na wale wanaompima kwa kipimo cha ukumbi wa tamasha. Bi Kidude hakuwa mwimbaji wa taarabu tu. Alikuwa pia kungwi wa unyago na mpigaji wa msondo, ngoma ndefu aliyoifunga kiunoni akaipiga akiwa amesimama. Mwenye kuimba uani hana kuta za kumrudishia sauti, wala zamani hakuwa na kipaza sauti. Mahali pa wazi, umbali ukizidishwa mara mbili, nguvu ya sauti hupungua hadi robo. Ukizidishwa mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Juu ya hasara hiyo kuna mshindo wa ngoma na vigelegele. Waimbaji wa opera wa Ulaya walitatua tatizo linalofanana na hilo kwa kuikusanya nguvu ya sauti karibu na hezi 3000, ambapo okestra ni dhaifu na sikio la mwanadamu ni kali sana. Ni ufundi unaohitaji miaka ya mafunzo. Mkwaruzo ni njia nyingine. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba ukelele wa hofu hutofautiana na sauti nyingine kwa kupandapanda na kushukashuka kwa nguvu yake kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde, na kwamba ubongo huishughulikia sauti ya namna hiyo kama jambo la dharura. Ving'ora hutengenezwa vivyo hivyo. Yawezekana basi kwamba sauti yenye mikwaruzo humshika msikilizaji kabla hajayafahamu maneno, ingawa kuimba si kupiga ukelele.

Zanzibar haiko peke yake katika kuipenda sauti hiyo. Waimbaji wa flamenko wa kusini mwa Hispania wana jina maalumu la sauti iliyochanika na huihesabu kuwa ya heshima. Na Louis Armstrong wa Marekani aliurekodi mwaka 1967 wimbo wake wa ulimwengu wa ajabu kwa koo ambalo hakuna kwaya ambayo ingelikubali.

Kuna shutuma moja zaidi ambayo haina budi kujibiwa, nayo ni kwamba waimbaji wa zamani wa taarabu "hutoka nje ya sauti". Mara nyingi anayesema hivyo ameshika kinanda. Katika kinanda oktava imegawanywa katika hatua 12, na kila hatua huzidisha marudio kwa 1.059. Kutoka hezi 220 hatua ifuatayo ni 233, na katikati hapana kitufe. Lakini ngazi za Kiarabu ziitwazo maqam, ambazo zilifika Unguja pamoja na kanuni na udi, hutumia pia sauti zilizo katikati, karibu na hezi 226 kwa mfano huu. Fidla yaweza kuipiga. Koo laweza kuiimba. Akodiani ya kawaida haiwezi. Kabla ya kumhukumu mwimbaji, ni vema kujua kwanza ni rula ipi inayotumika. Hata hivyo haifai kudai kwamba kila mteleko wa Bi Kidude ulikuwa maqam. Mingine ilikuwa ni pumzi ya mtu mzima iliyopungua, na wasikilizaji walijua hivyo.

Aliyemtangulia, Siti binti Saad, alizaliwa Fumba na akahamia mjini mwaka 1911. Kabla ya hapo alitembeza vyungu, akiita wanunuzi kwa kuimba. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay akarekodiwa katika sahani za santuri zilizozunguka mara 78 kwa dakika, kila upande ukichukua kama dakika tatu tu. Nyimbo zilizokuwa zikiimbwa usiku kucha zilibidi kukatwa. Husimuliwa kwamba Bi Kidude, angali msichana, alijifunza kwa kumsikiliza Siti, na baadaye aliimba nyimbo zinazohusishwa naye, ukiwamo Muhogo wa Jang'ombe.

Sasa neno kwa walimu, kwa kuwa wao wamo miongoni mwa wafanyakazi wanaosumbuliwa mno na maradhi ya sauti. Mwanafunzi asiondoke darasani akidhani kwamba sigara ndiyo iliyomfanya Bi Kidude kuwa Bi Kidude. Wavutaji waliopata sauti kavu ni wengi mno. Walioweza kuushika ukumbi kwayo ni wachache. Uvimbe huohuo unaoifanya sauti kuwa nzito waweza kuficha saratani ya zoloto, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika vizuri. Mtu yeyote ambaye sauti imemkauka kwa zaidi ya wiki tatu bila sababu ijulikanayo aende hospitali akaangaliwe koo. Mwalimu anayefundisha darasa la wanafunzi wengi anywe maji mara kwa mara, asishindane na kelele, na akipatwa na mafua asinong'one kwa kudhani anapumzisha koo: kwa watu wengi mnong'ono wa nguvu huikaza zoloto badala ya kuipumzisha.

Zoezi. Chukua chupa mbili zinazofanana, tia maji kiasi kimoja, kisha ongeza vijiko viwili katika moja. Wanafunzi wawili wapulize juu ya midomo ya chupa kwa wakati mmoja. Sauti itakayosikika itakuwa ikivimba na kunywea. Hesabu mivimbo katika sekunde tano, ugawe kwa tano: jibu ni tofauti ya hezi baina ya chupa hizo. Kisha punguza maji kidogo kidogo mpaka mivimbo iishe, na darasa lijadiliane ni wakati gani sauti ilipendeza zaidi. Majibu hayatalingana.