Soma Mirija Kabla ya Kugusa Mwamba

Kisima kinapoanza kutoa maji matupu, mafuta hayajaisha. Hata baada ya miaka ya kusukuma maji ardhini, mara nyingi zaidi ya nusu ya mafuta hubaki yamenasa kwenye vitundu vya mwamba. Kinachoyashika ni mvutano wa mpaka kati ya mafuta na maji, ambao aghalabu huwa milinyutoni 20 hadi 30 kwa mita. Safaktanti, kemikali za ukoo wa sabuni, hazina budi kuushusha hadi karibu 0.001. Kuupunguza mara kumi tu hakusogezi tone.

Kwa mtafiti anayeanza, nashauri hivi: vipande vya mwamba vina gharama na hula muda, basi anza na mirija ya kioo. Changanya kwanza safaktanti na maji ya chumvi bila mafuta, kwenye joto la mwamba wenyewe. Mchanganyiko ukifanya ukungu au machicha, uache. Huo utaziba mwamba. Ukibaki angavu, panga mirija yenye maji na mafuta kwa ujazo sawa, safaktanti kiasi kilekile, ila chumvi ipande hatua kwa hatua. Ziba, pinduapindua taratibu, weka kwenye oveni.

Sasa soma tabaka, kwa mpangilio alioueleza mtafiti Winsor mwaka 1948. Chumvi ikiwa kidogo, maikroemalsheni, yaani mchanganyiko wa mafuta, maji na safaktanti, hukaa chini na mafuta yaliyobaki huelea juu yake. Ikizidi, maikroemalsheni hupanda juu, maji yakabaki chini. Katikati ya hali hizo huzaliwa tabaka la tatu, lililomeza mafuta na maji pamoja, na hilo ndilo unalolitafuta. Gawanya ujazo wa mafuta yaliyomezwa kwa ujazo wa safaktanti, kisha fanya vivyo hivyo kwa maji. Namba hizo mbili zinapolingana, umepata kiwango bora cha chumvi. Mtafiti Chun Huh alionyesha mwaka 1979 kwamba mvutano unakadiriwa kwa kugawanya 0.3 kwa mraba wa namba hiyo: ukipata 10, mvutano ni kama 0.003. Napenda sana kipimo hiki, maana rula na macho makini yanatosha kuchuja kemikali nyingi.

Usiandike matokeo ya siku ya kwanza. Tabaka huweza kuhama kwa siku kadhaa, hata wiki. Tia alama kwenye kioo na uzifuatilie. Inamisha mrija pia. Tabaka la kati likijivuta kama uji mzito, litakwama mwambani. Likiwa hivyo, ongeza isobutanoli, aina ya pombe, kidogo, kidogo kweli, kwa sababu pombe nayo hupandisha mvutano.

Unaweza pia kutia kwenye maji sodiamu kaboneti, ile inayopatikana kwa kuchoma magadi ya Ziwa Magadi nchini Kenya, ambayo hupunguza safaktanti inayonyonywa na mwamba. Ondoa kalisi kwenye maji kwanza, la sivyo utatengeneza chokaa.

Angalia pia aina ya mafuta. Mafuta ya Ziwa Albert, Uganda, yana nta nyingi, na ndiyo maana bomba la kuyapeleka Tanga, Tanzania, limebuniwa kupashwa joto. Mafuta ya aina hiyo yapashe hadi yayeyuke yote kabla ya kuyapima.

Ukifika kwenye mwamba, tanguliza maji yenye chumvi juu ya kiwango bora, fuatisha safaktanti, kisha malizia na maji yenye chumvi pungufu, ili popote kemikali itakapokuwa ipite kwenye kiwango hicho.