Lakabu za Wagombania Kura

Somo letu la leo ni juu ya silaha ambayo hulitangulia sanduku la kura, nayo ni lile jina ambalo chama humpachika mpinzani wake.

Yapasa kwanza tutofautishe mambo mawili. Kumlaumu mtu kwa tendo lake ni haki ya mpiga kura, kwani tendo huombwa ushahidi, na mwenye kutuhumiwa huweza kujibu. Ama lakabu haina shahidi wala jawabu, kwa kuwa hulaumu asili ya mtu na nia iliyo moyoni mwake. Ndiyo maana Suratul Hujurat, katika aya ya 11, ikakataza kuitana kwa majina ya kuudhi.

Mfano ulio karibu nasi ni Unguja na Pemba, baina ya uchaguzi wa Julai 1957 na ule wa Julai 1963. Wasemaji wa Afro-Shirazi waliwasawiri Hizbu kuwa ni mabwana wa Kiarabu watakaorudisha utumwa, hali utumwa ulikwisha futwa kisheria tangu 1897, na wafuasi wengi wa Hizbu hawakuwa Waarabu. Hizbu nao waliwasawiri Afro-Shirazi kuwa ni wageni wa bara wasio na uchungu na visiwa wala dini, hali wengi wao walikuwa Waislamu wazaliwa wa papo hapo. Wala tusidhani kuwa lakabu hizo zilikuwa uwongo mtupu. Jeraha la utumwa lilikuwa la kweli, na wahamiaji wa bara walikuwako. Lakabu huokota chembe ya kweli, kisha ikawavika watu wote.

Basi tazama ilivyoenea. Jina lililoundiwa viongozi lilimshukia jirani: watu wakasusiana maduka, wakasusiana hata maziko. Ulipofika uchaguzi wa Juni 1961 ikazuka fujo, wakauawa watu 68, na wengi wao hawakuwa wagombea wala viongozi.

Nasi wa mwambao huu hatukusalimika. Kabla ya uchaguzi wa Mei 1963, KADU ya Ronald Ngala ilidai majimbo. Wapinzani wake wakaiita chombo cha walowezi. KADU nayo ikaisawiri KANU kuwa ni makabila makubwa yatakayoyameza madogo. Katika kelele hizo, swali la nani atamiliki ardhi lilifunikwa na majina, na hata leo wako watu wa Malindi na Kilifi wanaolima na kuzika wazee wao katika ardhi wasiyo na hati yake.

Kwa hiyo, ajapo msemaji wa chama cho chote, hata kile tukipendacho, tumuulize matatu: Mpinzani wako ametenda nini? Nani shahidi? Na wewe utatutendea nini? Akiwa hana jawabu ila jina, tujue hana alilotuletea. Kura zikishahesabiwa yeye atakwenda zake, nasi tutabaki na jirani zetu, na nyoyo zao zitakuwa zimekwisha vunjika.