Kabla ya Kutia Saini Maelezo Kituoni

Mtu anapokamatwa, aghalabu ndugu zake huulizia kwanza dhamana. Ni swali la haki, na dhamana ya polisi haitozwi fedha. Hata hivyo, jambo zito zaidi huenda limekwisha kutendeka mezani: kutia saini maelezo ya onyo.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, askari anapaswa kumweleza mtuhumiwa kosa analotuhumiwa nalo, kumwonya kwamba halazimiki kujibu swali lolote isipokuwa la jina na anwani yake, na kumfahamisha kuwa anaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa msingi wa mahojiano ni saa 4 tangu awekwe chini ya ulinzi, na kuna utaratibu wa kuuongeza. Basi ikumbukwe saa aliyokamatwa.

Mahakama inaweza kuyapokea maelezo hayo kuwa ushahidi iwapo yalitolewa kwa hiari. Kwa hiyo mkazi asiyejua kusoma aombe asomewe yote, tena polepole, kabla ya kuweka dole gumba. Palipokosewa, iwe tarehe, bei ya nyavu au jina la mtu, ana haki ya kutaka pasahihishwe. Kunyamaza si ukaidi. Kutaja jina la uongo ni jambo jingine kabisa.

Kwa wakazi wa Buzebazeba wasiomudu wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huduma yao ni bure. Afisa Maendeleo ya Jamii aulizwe mahali wanapopatikana.