Gari Kuukuu Likikataa Kuwaka

Ndugu mkulima, wewe unayelima kando ya Mto Tana unalijua jambo hili. Nyanya zilichumwa jana jioni, masanduku yamepakiwa, na watu wanangoja kwenda soko la Garissa kabla jua halijawa kali. Unageuza ufunguo, gari haliwaki. Ikifika saa sita mchana nyanya zimelainika, na mnunuzi atakayekuja shambani atakupa bei aitakayo yeye. Hasara hii haikuletwa na mdudu wala ukame. Mara nyingi imeletwa na kitu kidogo ambacho ungeweza kukitengeneza mwenyewe.

Somo hili ni la wenye magari ya zamani, kama Peugeot 504, Land Rover na pikapu nyingine zilizokwisha pita mikononi mwa watu wengi. Kumbuka kwanza jambo moja: usibahatishe. Injini ya petroli inataka vitu vitatu: nguvu ya betri ya kuizungusha, petroli iliyochanganyika na hewa, na cheche ya kuiwasha. Kazi yako ni kutafuta ni kipi kinachokosekana.

KABLA YA KUANZA

Vuta breki ya mkono, weka gia huru, tia mawe kwenye magurudumu. Vua saa na pete. Usivute sigara, kwa sababu petroli hushika moto upesi, na betri nayo hutoa hewa inayoweza kulipuka.

Sasa geuza ufunguo mara moja usikilize. Usiushikilie kupita hesabu ya kumi. Ukiushikilia utamaliza betri na kuunguza stata, nawe utakuwa na kazi mbili badala ya moja.

1. GARI LIKIWA KIMYA, AU LIKILIA "TIK" TU

Washa taa kubwa, kisha mwenzako ageuze ufunguo. Taa zikififia sana au zikizimika, betri ni dhaifu au viungo vyake ni vichafu. Taa zikibaki na mwanga ule ule, basi tazama waya za stata na stata yenyewe.

Chunguza vichwa vya betri. Ukiona ungaunga mweupe au wa kijani, fungua waya wa upande wa kutoa (–) kwanza, kisha ule wa kujumlisha (+). Osha vichwa kwa maji ya moto yenye magadi soda kidogo, lakini maji hayo yasiingie ndani ya betri. Kwangua mpaka chuma king'ae. Unaporudisha, waya wa kutoa uwe wa mwisho. Kaza sana. Waya uliolegea huonekana umeshika, lakini hauwezi kupitisha nguvu inayotakiwa na stata.

Joto la huku kwetu hukausha maji ya betri upesi na kufupisha maisha yake. Kama betri yako ina vifuniko vya kufungua, hakikisha maji yamefunika sahani za ndani. Ongeza maji yasiyo na chumvi yanayouzwa kwa kazi hiyo. Usitie maji ya mto wala ya kisima, wala usiongeze asidi.

Gari lenye gia za mkono laweza kusukumwa. Toa mawe, washa ufunguo, tia gia ya pili, kanyaga klachi. Likishika mwendo, achia klachi. Asikae mtoto mbele ya gari wala nyuma yake.

2. STATA IKIZUNGUKA VIZURI, LAKINI INJINI HAISHIKI

Betri haina kosa, usiichoshe. Tazama petroli kwanza, na usiamini kipimo cha gari la zamani. Kama unasikia harufu kali ya petroli, injini imepata petroli kupita kiasi. Ngoja dakika kumi, kanyaga eksileta mpaka chini bila kupampu, kisha geuza ufunguo. Kama hakuna harufu, fuata njia ya petroli kutoka tangi mpaka kabureta: mpira uliopasuka, chujio lililoziba, au pampu isiyovuta. Chujio la hewa nalo likijaa vumbi, injini haiwezi kupumua.

Kisha tafuta cheche. Hakikisha hakuna petroli iliyomwagika. Fungua plagi moja, uirudishe kwenye waya wake, uilaze ili chuma chake kiguse chuma cha injini, mbali na tundu lake. Usiishike kwa mkono. Mwenzako azungushe stata. Cheche ya buluu yenye nguvu ni nzuri. Isipoonekana, tazama waya, koili, na pointi zilizo ndani ya distribyuta. Pointi zilizoungua husafishwa kwa msasa laini.

3. LILIWAKA ASUBUHI, LIKAKATAA SOKONI MCHANA

Injini inapozimwa ikiwa ya moto sana, petroli ndani ya bomba yaweza kugeuka mvuke, na pampu ikashindwa kuivuta. Fungua boneti, weka kitambaa chenye maji juu ya bomba na pampu ya petroli, ngoja robo saa. Wakati mwingine liegeshe kivulini.

4. GARI LA DIZELI

Dizeli haina cheche. Ikiwa tangi lilikauka, hewa imeingia katika mabomba. Legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye chujio, pampu kwa mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha kaza. Mwaga pia maji yaliyokusanyika chini ya chujio.

5. GARI LILILOINGIA MAJI

Mafuriko ya Novemba 2023 na ya Aprili 2024 yalikata barabara ya Garissa pale Mororo. Gari likizimika ndani ya maji mengi, usijaribu kuliwasha. Maji hayashindiliki kama hewa, na injini iliyoyanywa yaweza kuvunjika ndani. Livute nje, ulipeleke kwa fundi.

MAMBO YA KUKATAZA

Usimimine petroli ndani ya kabureta wakati mtu anageuza ufunguo. Moto hurudi usoni. Usivute petroli kwa mdomo. Usiache injini iendelee kuwaka ndani ya banda lililofungwa, maana moshi wake huua.

DESTURI YA KUSHIKA

Fundi akikosekana shambani, jioni ndiyo msaada wako. Siku moja kabla ya soko, kabla hujachuma hata nyanya moja, washa gari, ulizime, uliwashe tena. Likikataa, una usiku mzima wa kutengeneza au kutafuta gari la jirani, na mazao yako bado yako salama juu ya mti. Likiwaka, basi chuma.

MASWALI

1. Taa zikizimika unapogeuza ufunguo, utatazama nini kwanza?
2. Ni waya upi wa betri hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho?
3. Kwa nini gari lijaribiwe kabla ya kuchuma, wala si baada ya kupakia?