Mafuriko ya Katuni na Mtoto wa Katesh

Ngano ya katuni iitwayo Frozen II, ya mwaka 2019, iliwagawa watazamaji. Wengine waliisifu kwa kufichua hila ya mfalme mzee na bwawa lake. Wengine walinung'unika kwamba ina mafundo mengi kuliko ile ya kwanza ya 2013. Sisi latushughulisha neno jingine. Bwawa labomoka, maji yaujia mji, Elsa ayazuia kwa barafu, mji wasalimika. Bali tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliingia Katesh, likaua watu zaidi ya 80. Mtoto wa huko akiuliza mbona lile halikuzuiwa, mzazi azime televisheni, aketi naye, awataje marehemu kwa majina. Wala asimwambie kwamba walikufa kwa dhambi zao: Bwana wetu alilikana neno hilo alipowataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu.