Simama Naye, Usisimame Mbele Yake: Vidokezo 9 vya Kumtetea Mzee Wako

Mwaka 2001 wazee wa jamii za wafugaji walikutana hapa Modogashe, wakakubaliana kuhusu malisho, maji, wizi wa mifugo na dia, yaani fidia ya damu. Ndipo likazaliwa Azimio la Modogashe, lililopitiwa upya Garissa mwaka 2005. Haya basi, watu walioweza kutuliza eneo zima wanashindwaje kupata huduma kwenye dirisha la ofisi? Hawajashindwa. Wanahitaji tu mtu wa kuandamana nao, na mtu huyo ni wewe! Najua una duka, mbuzi, watoto na simu isiyonyamaza. Vidokezo hivi ni vifupi, na vingine utavimaliza kabla chai haijapoa.

1. Kitambulisho kwanza!
Kila ofisi utakayoingia itauliza swali hilohilo: kitambulisho kiko wapi? Kiombe leo ukikague. Kimefutika? Jina liko sawa? Mwaka wa kuzaliwa je? Wazee wengi wa huku walizaliwa malishoni, na karani akakadiria umri wao kwa macho. Mzee wa miaka 74 akiandikwa ana 66, haki zake zitachelewa kwa miaka minane. Ulizia marekebisho ofisi ya usajili mapema. Na kama hajawahi kupata kitambulisho, jipe moyo: Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kwamba wakazi wa kaunti za mipakani hawatapigwa tena msasa wa pekee wanapoomba vitambulisho. Itajeni kauli hiyo mkifika ofisini.

2. Vidole vikigoma, msirudi nyumbani kimya
Kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991 na baadaye, baadhi ya Wakenya wa Garissa walijiandikisha humo wapate chakula au matibabu wakati wa ukame. Leo mashine inasoma alama zao za vidole na kuwaita wakimbizi. Likiwapata hili, omba maelezo kwa maandishi, andika tarehe na jina la ofisi, kisha tafuta msaada wa kisheria. Shirika la Haki na Sheria, lililoko Garissa, limeshughulikia kesi za namna hii kwa muda mrefu. Mzee wako si wa kwanza, na hana kosa la kuonea haya.

3. Ametimiza sabini? Ulizia Inua Jamii
Tangu 2018 mpango wa serikali wa Inua Jamii umefunguliwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi wasiopokea pensheni, kwa shilingi 2,000 kila mwezi. Ndiyo, hata mwenye watoto Nairobi anaweza kuomba. Uandikishaji hufunguliwa kwa vipindi, kwa hiyo mwachie chifu au naibu wake namba yako ya simu wakutaarifu. Kujiandikisha ni bure kabisa. Ukiombwa "kitu kidogo", au malipo yakikatika ghafla, piga 1533, hutozwi chochote. Andika tarehe ya kupiga na jibu ulilopewa. Ukipiga mara ya pili, daftari hilo litakusaidia kuliko kupaza sauti.

4. Mlezi achaguliwe na mzee mwenyewe
Mpango wa Inua Jamii unamruhusu mzee kuwa na mlezi wa kumpokelea pesa akishindwa kwenda. Ni utaratibu mzuri, ila hapa ndipo pesa za mzee hugeuka kuwa za nyumba nzima bila yeye kuulizwa. Basi muulize mkiwa wawili tu: "Awoowe (babu), unamwamini nani?" Jina atakalolitaja ndilo hilo, hata kama si lako. Kisha wekeni desturi moja: pesa zikifika, zihesabiwe mkononi mwake kwanza. Akitaka kumpa mjukuu mia mbili ya karo, apewe nafasi ya kutoa kwa mkono wake mwenyewe. Raha ya kutoa haizeeki!

5. Msajili SHA kabla hajaugua
Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA, mamlaka inayosimamia bima ya afya, imechukua nafasi ya NHIF. Kaa na mzee, shika kitambulisho chake, piga *147# ufuate maelekezo. Hata kabambe inatosha! Akishasajiliwa, huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya hazimdai malipo. Kulazwa hospitalini ni jambo jingine, kwani mchango wa mwaka lazima uwe umelipwa. Ndugu walioko Eastleigh na ughaibuni wanaouliza kila siku "tusaidie vipi?" wamepata jibu: wachange huo mchango. Mtumie kila mmoja ujumbe leo, kwa upole, pamoja na namba ya kulipia.

6. Acha daktari azungumze naye
Umeona mara ngapi? Mgonjwa ni bibi, lakini maswali yote anaulizwa kijana aliyemleta, na bibi anatazama ukuta. Mkiingia tu, sema: "Tafadhali mwulize mwenyewe, mimi nitatafsiri." Tafsiri maneno yake yote, usifupishe. Akisema sentensi tano, daktari asisikie mbili! Kwa mambo ya siri, mama mzee hatamwambia mwanawe wa kiume kila kitu, basi tafuta mwanamke anayesema Kisomali au Kiborana aingie naye. Na kabla ya kutoka, mwambie mzee arudie jinsi ya kumeza dawa. Akieleza sawasawa, mmefaulu.

7. Mama mzee naye apate kiti cha mbele
Vikao vya wazee huku kwa kawaida hujaa wanaume. Mama, hasa mjane, husikia uamuzi wa kisima au mifugo ukiwa umekwisha. Kabla ya baraza la chifu, mtembelee Ayeeyo (bibi) umwulize ana neno gani la kusema. Siku yenyewe, mfikishe mapema, apate kivuli na kiti cha mbele. Kikifika kipindi cha maswali, inua mkono wako useme: "Mama huyu ana jambo," kisha kaa chini. Sentensi yako iishie hapo. Akianza kuzungumza, baraza zima litageuka kumsikiliza.

8. Chukua na mzee wa jirani
Modogashe iko mpakani mwa Garissa na Isiolo, kwa hiyo katika mtaa mmoja (bula) unaweza kumkuta mzee wa Kisomali, bibi wa Kiborana, na fundi wa cherehani aliyetoka Meru ujanani akazeekea hapa. Yupi hana ndugu karibu? Huyo ndiye anayesahaulika orodha ikiandikwa, na huyo ndiye wa kumbishia hodi. Ukienda kwa chifu na mzee wako, mpitie na yeye. Gari ni lilelile, foleni ni ileile, na safari yenyewe itajaa hadithi. Mwenye kitambulisho kilichotolewa kaunti jirani naye asikate tamaa, maana Inua Jamii ni mpango wa taifa zima.

9. Pelekeni ombi moja kwenye bajeti
Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Msiende na orodha ndefu. Waulizeni wazee wanataka nini kwanza: benchi na kivuli hospitalini? Choo kisicho na ngazi? Foleni yao wenyewe? Chagueni moja, liandikeni kwenye karatasi, wazee watano watie dole gumba. Juu kabisa andikeni: Kifungu cha 57 cha Katiba. Hicho ndicho kinachowapa wazee haki ya kushiriki katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na familia pamoja na serikali. Kwa Katiba yetu, mzee ni yeyote aliyezidi miaka 60.

Tisa ni nyingi kwa wiki moja, na hakuna anayekudai zote. Ukifika nyumbani leo, msomee mzee wako vichwa hivi tisa kwa lugha yake, kisha mwache achague mnaanzia wapi. Akishachagua, pangeni siku. Kila la heri!