Usonji Katika Ndoa: Kutoelewana Si Kutopendana

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaagiza kwamba wanandoa waliogombana, isipokuwa katika hali maalumu, wapeleke kwanza shauri lao mbele ya Baraza la Usuluhishi kabla ya kuiomba mahakama talaka. Maswali yanayotazamiwa katika usuluhishi yanajulikana: je, kuna ulevi, kipigo, uzinzi, au kunyimwa matunzo? Lakini yako mashauri ambamo maswali hayo yote hujibiwa "hapana", na bado mlalamikaji analia. Mume halewi wala hapigi, na mshahara wake huufikisha nyumbani. Ila, asema mke, kuishi naye ni kama kuishi na ukuta. Mume naye hushangaa kwa dhati, kwani kwa hesabu yake ametimiza kila alichoombwa.

Si kila ndoa ya namna hii ina usonji ndani yake. Hata hivyo, katika baadhi yake usonji ndio unaofafanua mambo, na kwa kuwa haujulikani hupewa majina mengine: kiburi, ubaridi wa moyo, au kurogwa. Somo hili linaeleza usonji ni nini kwa mtu mzima, unavyoleta kutoelewana katika ndoa, na yale yawezayo kufanywa na pande zote mbili.

Usonji ni nini?

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza tangu utotoni na kudumu maisha yote. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si upungufu wa akili, ingawa baadhi ya watu wenye usonji huwa pia na upungufu huo. Alama zake ziko katika mafungu mawili. La kwanza ni tofauti katika mawasiliano na maingiliano na watu. La pili ni kushikilia sana utaratibu uliozoeleka, kuzama katika jambo moja lipendwalo, na kuhisi sauti, mwanga, harufu au mguso kupita kiasi, au pengine pungufu ya kiasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila 127 alikuwa na usonji.

Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza hali hii mwaka 1943 kwa kuchunguza watoto 11. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna alieleza watoto waliosema vizuri sana lakini wakawa wageni miongoni mwa wenzao. Kazi ya Asperger haikujulikana sana hadi mwaka 1981, Lorna Wing wa Uingereza alipoifafanua upya na kuonyesha kwamba hali hizi hupishana kwa kiasi tu, kama rangi za upinde wa mvua zinavyoingiliana. Tangu mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani wameziweka zote chini ya jina moja la wigo wa usonji, na Shirika la Afya Duniani limefuata njia hiyo katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022.

Watoto hao hukua. Husoma, huajiriwa, huposa na kuposwa. Wengi walio watu wazima leo walilelewa wakati ambapo hapakuwa na mtu wa kuitambua hali yao, hasa kama walikuwa wasichana waliojifunza kuwaigiza wenzao. Aghalabu mzazi hujitambua siku mtoto wake anapopimwa, maana usonji hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha ambamo angalau mmoja alikuwa na usonji. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Katika jozi 10 za wasiofanana haikupatikana hata moja.

Macho, kanga na mafumbo

Alama za usonji hazionekani kwa namna moja katika kila jamii. Vitabu vya Ulaya na Marekani huhesabu kutomtazama mtu machoni kuwa dalili mojawapo. Lakini katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, kijana anayeinamisha macho mbele ya mkwewe husifiwa adabu, na hakuna atakayeshuku lolote.

Kwa upande mwingine, jamii hizi hudai ustadi ambao kwa mtu mwenye usonji ni mzigo mkubwa. Salamu ni ndefu na zina zamu zake. Nyumba haikosi wageni, na sherehe haikosi vipaza sauti. Zaidi ya hayo, mambo mazito hayasemwi wazi. Mke aliyeudhika aweza kujifunga kanga yenye jina la kuchoma na kupita nayo mara tatu mbele ya mumewe. Mume mwenye usonji, aliyezoea kuyapokea maneno kama yalivyo, huenda akatambua kwamba kanga ni mpya na akauliza bei yake. Akiambiwa, "Chumvi imekwisha," hujibu, "Ndiyo, nimeona," kisha akaendelea na gazeti lake. Hakudharau, ameambiwa habari, naye ameipokea. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Methali hiyo humhukumu mtu huyu kabla hajasikilizwa.

Ni nani asiyemwelewa mwenziwe?

Kwa muda mrefu wanasayansi walidhani kasoro iko upande mmoja tu. Mwaka 1985 Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith walichapisha jaribio lililopata sifa nyingi. Mtoto alionyeshwa wanasesere wawili. Wa kwanza aliweka gololi kapuni, akatoka. Wa pili akaihamishia sandukuni. Mtoto akaulizwa: wa kwanza akirudi, ataitafuta wapi? Jibu sahihi ni kapuni, kwa kuwa yeye hakuona ikihamishwa. Katika watoto 20 wenye usonji, 16 walijibu sandukuni. Ikaonekana kwamba ni vigumu kwao kukisia yaliyomo akilini mwa mwingine.

Lakini wanne walijibu sawasawa, na watu wazima wengi wenye usonji hujibu maswali ya aina hiyo bila taabu. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana kuna pande mbili. Ikiwa mwenye usonji hushindwa kumsoma asiye na usonji, huyu wa pili naye hushindwa kumsoma wa kwanza. Ila kwa kuwa wa pili ndio wengi, kushindwa kwao hakuitwi kasoro.

Catherine Crompton na wenzake waliipima hoja hiyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Watu 72 waligawanywa katika safu, na hadithi ikasimuliwa kutoka kwa mtu hadi mtu. Katika safu za wenye usonji peke yao, hadithi ilifika salama sawa na katika safu za wasio nao. Katika safu za mchanganyiko ilipotea zaidi. Utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa mwaka 2025 haukuona tena upotevu huo katika safu za mchanganyiko, kwa hiyo sehemu hiyo haijathibitika. Lakini tafiti zote mbili zimekubaliana kwamba wenye usonji hawakuwa wabovu wa kuwasiliana kuliko watu wengine.

Yafaa pia kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa: kutambua kwamba mwenzio ana huzuni, na kuguswa na huzuni hiyo. Mtu aweza kuchelewa katika la kwanza na asiwe pungufu katika la pili. Aidha, karibu nusu ya watu wenye usonji huona vigumu kuzitaja hisia zao wenyewe. Akiulizwa, "Unahisi nini?" hunyamaza, si kwa kuficha bali kwa kukosa jina la anachohisi.

Mfano wa msiba

Mfano ufuatao umetungwa ili kulieleza jambo hili. Mke anapata habari usiku kwamba baba yake amefariki. Mumewe, karani wa ghala, anasimama na kutoka bila neno. Mke analia hadi alfajiri akiwa na majirani. Kunapokucha mume anarudi: amekwisha kodi gari, amenunua sanda, ameandika orodha ya ndugu wa kuarifiwa na kiasi cha mchele kitakachohitajika. Huko matangani, kelele zinapozidi, anaondoka na kukaa peke yake chini ya mwembe. Mashemeji wananong'ona kwamba amewadharau.

Miaka miwili baadaye mke bado asema, "Hukuniliwaza." Mume naye ajibu, "Nilimzika baba yako." Wote wawili wanasema kweli. Mume aliitafsiri huzuni kuwa kazi ya kufanywa, akaifanya usiku kucha. Huko ndiko kuliwaza kwake. Alikwenda mwembeni kwa sababu sauti za watu wengi zilikuwa zimemwelemea, kama vile mwingine anavyoelemewa na moshi jikoni. Mke, kwa upande wake, alihitaji mkono begani, akaukosa. Na upweke wake si wa kubuni. Yeyote atakayemwambia kwamba hana haki ya kulalamika kwa kuwa mumewe "ni mtu mwema" atamwongezea upweke huo.

Wanandoa wafanyeje?

Mwaka 2012 Mmarekani David Finch alichapisha kitabu kuhusu ndoa yake. Mkewe, mtaalamu wa matatizo ya usemi, ndiye aliyezitambua alama za usonji kwa mumewe, miaka mitano baada ya harusi. Finch akaanza kujiandikia kanuni za maisha ya nyumbani ambazo wengine huzijua bila kuzifikiri. Kisa hicho chaonyesha kwamba mambo haya yaweza kusomwa, lakini ni kosa kumwachia mmoja masomo yote. Mashauri yafuatayo ni ya wawili.

Kwanza, haja isemwe kwa maneno wazi: "Nina huzuni, kaa karibu nami, usitafute ufumbuzi." Ombi la namna hiyo halipunguzi thamani ya tendo linalofuata.

Pili, ugomvi usisukumwe hadi mwisho wakati mmoja ameelemewa. Anayenyamaza kabisa huenda hawezi kusema kwa saa hiyo. Apumzike, lakini ataje saa ya kurudi kwenye mazungumzo, na airudie.

Tatu, sherehe na misiba ipangwe mapema: watafika saa ngapi, nani atawasemesha wageni, na wapi pa kupumzikia.

Nne, asiye na usonji asijitenge na ndugu na rafiki. Mtu mmoja hawezi kuwa chemchemi ya faraja yote.

Tano, jina la usonji lisitolewe na jirani. Mahali palipo na daktari wa akili au mwanasaikolojia, yeye ndiye wa kuchunguza. Hakuna dawa ya kuondoa usonji, lakini wasiwasi, sonona na kukosa usingizi, ambavyo mara nyingi hufuatana nao, hutibika.

Mipaka ya maelezo haya

Usonji hufafanua kunyamaza. Hauhalalishi kipigo, matusi wala kumnyima mtu uhuru wake. Afanyaye hayo, awe na usonji au asiwe nao, hujibu kama mtu mwingine yeyote. Wala elimu hii haiahidi kwamba kila ndoa itadumu. Yako mahitaji ya mmoja ambayo mwingine hawezi kuyatimiza, na wawili hao wakiamua kuachana, bora waachane wakijua sababu ya kweli kuliko kubeba tuhuma za uchawi au za kutopendana.

Lakini ndoa nyingi hazijafika huko. Zinahitaji kwanza kuigeuza ile methali: asiyejua maana na aambiwe maana, kwa upole, mara nyingi kadiri itakavyohitajika, naye anayeambia asikie pia maana ya matendo ambayo hayakuandamana na maneno.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kutotazamana machoni si dalili ya kutegemewa katika kila jamii?
2. Jaribio la mwaka 1985 lilionyesha nini, na hoja ya mwaka 2012 iliongeza nini?
3. Katika mfano wa msiba, mke angeweza kusema nini, na mume angeweza kufanya nini kabla ya kutoka?